Vigunduzi Vilivyosema Sifuri

Kigunduzi namba saba kilikuwa cha kumi na moja kukataa gesi, na siku hiyo nilikuwa nimechoka hata kutukana.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zege la ukumbi wa kujazia mitungi, chini ya pampu ya pili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa chini. Ndiyo maana vigunduzi vyetu vyote vimefungwa usawa wa goti, na ndiyo maana ovaroli zangu huchakaa magotini kabla ya mahali pengine. Kibali cha kazi kilikuwa mfukoni, kimesainiwa. Simu nilikuwa nimeiacha getini. Kifuani nilining'iniza kipimo kidogo cha mkononi, cha kunipigia kelele kama gesi ya kweli ingenikuta pale. Adwoba Tanoh, aliyekuwa zamu katika chumba cha udhibiti, alikuwa ameifungia ishara ya namba saba kwenye paneli yake ili jaribio langu lisije likazima kiwanda kizima.

Kwanza hewa safi, paneli isome sifuri. Ikasoma sifuri. Nikakivalisha kigunduzi kikombe cha mpira mdomoni, nikafungua koki ya mtungi wangu mdogo wa majaribio, nikaita redioni.

"Adwoba, gesi imeingia. Unaona ngapi?"

"Sifuri."

"Kipe dakika."

"Nimekipa. Sifuri."

"Hata moja haijasogea?"

"Kabenla, mwanangu ana miaka mitatu na anaijua sifuri ilivyo. Hii ni sifuri."

Ilitakiwa kusoma hamsini. Hesabu yetu ni hivi: mia ni pale gesi inapokuwa imejaa hewani kiasi kwamba cheche moja inatosha kuwasha kila kitu. Ikifika ishirini, king'ora kinalia. Ikifika arobaini, pampu zinajizima zenyewe. Mtungi wangu wa majaribio una hamsini. Kigunduzi kinachopewa hamsini kikasema sifuri ni kama mlinzi aliyekufa kitini huku kofia iko kichwani. Anayepita barabarani anaona kuna ulinzi.

Nilifunga koki, nikaandika kwenye daftari, nikaenda kwa meneja.

Bwana Quaicoe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mfante wa Cape Coast, mwenye shati jeupe lisilopata doa hata siku ya mvua, na alikuwa amekiokoa kiwanda chetu kisifungwe miaka miwili iliyopita. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kitu kinyamaze. Gari likinyamaza ni zima, mfanyakazi akinyamaza ameridhika, paneli ikinyamaza kiwanda ni salama.

"Namba saba nayo imekufa," nikamwambia.

"Imekufa au umeiua?"

"Bosi, nimeipa gesi haikujibu."

"Ndicho ninachokisema. Kabla hujaanza kuvipa gesi kila mwezi, vilikuwa vizima. Paneli yangu haijalia tangu Aprili. Wewe ndiye unayezunguka na kimtungi chako, kila unachokigusa kinakufa. Kuku wakifa kila anapopita mtu fulani, kijijini wanasemaje?"

"Wanasema ni mchawi. Lakini paneli hainyamazi kwa sababu hakuna gesi, inanyamaza kwa sababu vigunduzi havioni."

"Una ushahidi kwamba gesi ipo?"

"Sina. Ndiyo shida yenyewe. Nitapataje ushahidi na macho yamekufa?"

Alinitazama kama mtu anayemsikiliza mlevi aliyeheshimika. Kisha akasema vitambuzi vipya, vile vya ndani ya vigunduzi, vitachukua wiki tatu kufika kutoka nje, kilichobaki stoo ni kimoja, na kuanzia sasa nitapima mara moja kwa miezi sita, nisizidi kuviunguza. Nikatoka nje nikiwa nimekunja daftari mkononi mpaka jalada likapasuka.

Nilianza kujishuku mwenyewe. Labda mtungi wa majaribio umeisha muda. Nikasoma tarehe, ulikuwa bado na miezi saba. Nikakielekezea kipimo changu cha mkononi mdomo wa ule mpira, kikapiga kelele mpaka makuli wakageuka. Gesi ilikuwa nzima. Nikabadilisha mpira, nikabadilisha kikombe, nikapima mkondo wa hewa. Vyote vizima. Nikampigia simu muuzaji wetu kule Tema, mzee mmoja wa kabila la Ga anayezungumza polepole kama anayelipwa kwa saa, nikamweleza.

"Hiyo ni sumu," akasema.

"Sumu gani?"

"Ndani ya kitambuzi kuna punje ndogo kama ulezi, ya moto. Gesi ikiigusa inaungua, joto linapanda, ndivyo inavyojua. Sasa kuna mivuke ikiipata ile punje inaifunika ukoko, na ukoko huo hauoshwi. Inabaki ya moto, inaonyesha sifuri safi, lakini haioni tena. Mbaya zaidi ni silikoni. Tafuta silikoni."

"Kiwandani kwetu hakuna silikoni."

"Kila mtu husema hivyo," mzee akasema, akakata simu.

Nikatafuta siku nne. Nilisoma kila kopo la stoo. Nilimsumbua fundi wa mnyororo wa kujazia mitungi kuhusu grisi yake mpaka akaniuliza kama nataka kuipaka mkate. Niliwauliza wapaka rangi, nikamuuliza mama wa kantini anaoshea nini. Makuli wakaanza kuniita Daktari wa Sumu. Nikipita, mmoja anaziba pua, wengine wanacheka. 

Siku ya tano asubuhi, kama saa tatu, nilikuta mtu amepiga magoti mbele ya kigunduzi namba kumi na mbili, mgongo kwangu. Alikuwa Assuah Bile, msafishaji mkuu wa kiwanda. Huyo ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu tumbo moja. Kwetu Wanzema mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo huyo mzee ndiye aliyenilea na kunisomesha ufundi Takoradi. Baba yangu nilimjua kwa salamu.

"Umekuja wakati mzuri, mpwa wangu," akasema bila kugeuka, kwa kuwa anaijua miguu yangu. "Hebu tazama hiki. Unaweza kunyolea ndevu."

Kigunduzi kilikuwa kinang'aa kama kijiko cha harusi. Mkononi alikuwa na kitambaa cha njano, na pembeni ya goti lake mkebe mrefu wa kupuliza, wenye picha ya maua.

"Hiyo ni nini, mjomba?"

"Dawa ya kung'arisha. Inanukia vizuri pia. Meneja alileta katoni nzima baada ya wale wageni wa Accra kusifu usafi. Alipozileta akaniambia, Mzee Bile, kila chuma kinachoonekana king'ae. Hivi vyako navianza kila Jumatatu kabla ya vingine vyote. Navitunza kama mboni ya jicho."

Niliuchukua mkebe, nikausoma mgongoni, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu huyasoma. Silikoni ilikuwa neno la pili.

Nikaketi chini kwenye zege.

"Unaumwa?" mjomba akauliza.

"Hapana. Mjomba, kuanzia leo usivifute hivi."

"Kwa nini? Nimeharibu?"

Alikuwa ananitazama usoni, kitambaa mkononi, na nikashindwa. "Nitakueleza jioni," nikasema, nikaondoka na ule mkebe.

Jioni sikumweleza. Nilikuwa karakana, mbali na eneo la hatari, nikifanya jambo ambalo Quaicoe angenifukuzia. Nilichukua kile kitambuzi kimoja kilichobaki stoo, nikakifunga mezani, nikakipa gesi. Kikapanda hadi hamsini bila kusita. Nikapuliza ile dawa kwenye kitambaa, nikakilaza karibu nacho kwa robo saa. Nikakipa gesi tena. Ishirini na mbili. Nikapuliza tena, nikangoja. Sita. Mara ya tatu hakikusogea. Sifuri safi, nzuri, ya kumpendeza meneja. Niliziandika namba zote na saa zake.

Kesho yake alfajiri, kabla ya zamu, nikavipima vyote ishirini. Kumi na vinne vilikuwa vimekufa, sita vilikuwa vinasoma chini ya nusu. Hakukuwa hata kimoja cha kutegemea.

Quaicoe alisoma karatasi yangu mara mbili, akatua kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika dawa ilinunuliwa na uongozi."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Andika ilitumiwa na msafishaji."

"Ilitumiwa na msafishaji aliyepewa na uongozi."

"Kabenla, mimi nilinunua dawa ya kung'arishia vyuma. Sikumwambia mtu akaipulizie mitambo. Huyo mzee ana umri wa kujua." Akachukua kalamu. "Atasimamishwa kazi kuanzia leo. Na wewe hujaniambia kitambuzi cha akiba kiko wapi."

"Nimekiua kwa majaribio. Ndicho kilichotupa jibu."

Akafumba macho kidogo. "Kilikuwa cha mwisho."

"Kingefungwa kule nje kingekufa baada ya Jumatatu mbili. Bosi, hayo tuyaache. Kujaza mitungi kusimame leo, mpaka vipya vije."

"Wiki ya sikukuu ya Kundum? Unaona malori yale nje? Kila nyumba kuanzia hapa mpaka mpakani inapika, na wewe unataka nifunge? Waambie watu watembee na vipimo vya mkononi."

"Tunavyo vitatu, na ukumbi una pampu nne, na watu wanakwenda chooni."

"Basi nitafikiri mpaka Ijumaa," akasema. Ilikuwa Jumanne.

Nilitoka nikaenda chumba cha udhibiti. Pale kuna daftari kubwa la zamu, na kwenye daftari hilo kila chombo cha usalama kisichofanya kazi huandikwa kwa wino mwekundu. Sikuwa nimewahi kuandika zaidi ya mstari mmoja kwa siku. Siku hiyo niliandika mistari ishirini, namba kwa namba, nikasaini kila mmoja. 

Adwoba alisogeza midomo akisoma. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, anayekunywa maji ya moto tu, na sijawahi kumwona akikimbia.

"Quaicoe amekubali tufunge?" akauliza.

"Anafikiri mpaka Ijumaa."

"Ungeniletea habari hii kwa mdomo, ningekwambia nami nafikiri. Lakini umeandika, na mimi nimesoma. Nikishasoma siwezi kujifanya sijui." Akainua kifuniko cha plastiki, akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole kimoja, kisha akakaa. Nje pampu zikanyamaza moja baada ya nyingine. "Haya. Sasa nenda ukapigiwe kelele, mimi nina simu za kupokea."

Tulifunga siku tisa. Malori yakageuza kwenda kujaza kwingine. Makuli, ambao hulipwa kwa siku, walikaa nyumbani wiki ambayo kila mtu hutaka kitenge kipya na pombe kidogo ya kuwamiminia wahenga. Ngoma zilipopita barabarani, kijana mmoja aliyejipaka uso chokaa alisimama mbele yangu akaimba wimbo aliotunga papo hapo, kuhusu fundi anayenusa vyombo vya watu na kukuta sumu kila mahali. Kundum ina ruhusa hiyo, huwezi kumkasirikia mwimbaji. Nilicheka na wengine, nikarudi nyumbani kabla ngoma hazijaisha.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Jumanne ile ile, jua likiwa linashuka, nilimkuta mjomba uani kwa mama yangu. Mama alikuwa ameweka akyeke ya muhogo na samaki wa kukaanga mezani, hakuna aliyekuwa amegusa.

"Kaa," mjomba akasema.

Nikakaa.

"Quaicoe aliniita getini, mbele ya makuli, akaniambia nimeharibu mitambo, nirudishe kofia. Nikamuuliza, nani amesema? Akasema, mpwa wako ameandika. Ndivyo nilivyojua. Wewe ulisema utanieleza jioni. Jioni ipi?"

"Nilikuwa nahakikisha kwanza, mjomba."

"Ulihakikisha kwa nani? Kwa mkebe? Mimi nilikuwa hapa, nimekaa, nangoja."

"Sikutaka kukusingizia."

"Hukunisingizia. Ningesingiziwa ningepigana." Alisogeza sahani pembeni. "Nina swali moja tu. Mwezi wa tano, siku ile ya mvua kubwa, tulijificha pamoja kwenye kibanda cha mizani. Nilikuuliza nini?"

Nilikuwa sikumbuki, kisha nikakumbuka, na ikawa afadhali nisingekumbuka.

"Nilikuuliza, vile vidude vyako vya chini, naweza kuvifuta? Wewe ulikuwa unasoma karatasi zako. Ulinijibuje?"

"Nilisema, futa tu, mjomba."

"Hayo umeyaandika kwenye ripoti?"

Mama akajifanya anafukuza kuku ambao hawakuwepo.

Nilitaka kumwambia kwamba nilidhani ni kitambaa kikavu, kwamba hakunionyesha mkebe, kwamba mtu hawezi kuulizwa swali kwenye mvua akajibu kama kitabu. Yote yalikuwa kweli. Lakini kazi yangu yote ni kuuliza "unafutia nini?", na siku hiyo sikuuliza, kwa sababu aliyeuliza alikuwa msafishaji na mimi nilikuwa fundi na nilikuwa na haraka. Miezi mitano nimelalamika kwamba hakuna anayenisikiliza kiwandani.

"Sijayaandika," nikasema.

"Haya," akasema mjomba, akainuka, akaenda zake.

Kesho yake niliongeza ukurasa. Niliandika tarehe, kibanda, swali na jibu. Quaicoe alipousoma uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nimo. Na wewe umo. Mjomba aliuliza kabla ya kufanya. Kati yetu watatu ni yeye peke yake."

"Nitashughulikia," akasema.

Alivyoshughulikia ni hivi. Mimi nilipata barua ya onyo. Mjomba, kwa kuwa aliruhusiwa na fundi, hakuweza kufukuzwa. Alirudishwa, akahamishiwa kufagia ofisi, na barua ya pongezi aliyokuwa amepewa kwa usafi ikabanduliwa kwenye ubao. Na katika ripoti iliyokwenda makao makuu Accra, nilikuja kuiona, dawa ile ilitajwa kama "bidhaa ya usafi iliyokuwepo kiwandani", kana kwamba ilipanda lori ikaja yenyewe.

Vitambuzi vipya vililetwa kwa ndege, baada ya Accra kuona kiwanda kimefungwa. Wiki tatu zikawa siku nane, kumbe inawezekana. Nilivifunga na kuvipima kwa siku moja na nusu, kimoja kimoja: hewa safi, sifuri, gesi, hamsini, toa gesi, ngoja kirudi chini, kisha mwambie Adwoba afungue ishara, maana kigunduzi kizima kilichosahauliwa kimefungiwa kwenye paneli hakina tofauti na kilichokufa. Tulipomaliza, pampu zikawashwa.

Haikupita saa moja, namba saba ikasoma tisa. Sikuwa nimeipa kitu chochote. Ikashuka nne, ikapanda kumi na moja.

Quaicoe alinipigia yeye mwenyewe. "Hivi vipya vina kelele. Huwezi kuvipunguzia ukali?"

"Siwezi. Zimeni pampu ya pili."

Nilipaka maji ya sabuni kwenye maungio ya mabomba chini ya pampu ile. Kwenye la tatu, povu likaanza kuvimba, taratibu, tundu dogo, likapasuka, likavimba tena. Tulipolifungua, gasketi, ile pete ya kuziba maungio, ilikuwa imekatika upande mmoja, na mkato wenyewe haukuwa mpya. Ulikuwa umeshika vumbi.

"Imevuja tangu lini?" Adwoba akauliza redioni.

Mahali hapo nilikuwa nimepiga magoti wiki mbili kabla, na kipimo changu cha kifuani kilinyamaza. Labda upepo ulikuwa unatoka upande wa bahari siku hiyo, labda ilikuwa bado ndogo. Makuli walikuwa wamesimama pale kila siku kwa viatu vyenye misumari inayoweza kutoa cheche. Tulibadilisha gasketi, nikaandika, Quaicoe akasaini. Barua ya onyo haikuondolewa kwenye faili langu. Niliomba mara mbili.

Mjomba aliacha kazi mwezi wa Desemba. Hakuniaga. Mama alinieleza kwamba anataka kupanda tena minazi katika lile shamba ambalo ugonjwa ulilimaliza miaka ile, mbegu fupi ambayo wanasema haishikwi na ugonjwa huo.

Jumamosi moja nilikwenda na jembe langu bila kualikwa. Alikuwa peke yake, miche imepangwa kivulini. Nilimsalimia, akaitikia. Akanionyesha kwa kidevu mahali pa kuanzia, nikachimba mpaka jasho likaniingia machoni. Alipokuja alitia mguu kwenye shimo langu, akaona kina kimempita goti kidogo tu.

"Halijafika," akasema.

Nikaendelea kuchimba.